Kikapu cha Siku ya Ine

Kashuga, 9 juni 2024

Kwako Papa Hilaire Kabunga, kapita, mukubwa wa kijiji cha Kabusenge, Walikale

Papa,

Ni mimi Elisabeth Mukasine, yule mwalimu uliyemupa chumba cha nyuma ya kanisa, mimi na mama yangu muzee na watoto wangu watatu. Tumefika nyumbani. Tulitembea siku ine. Mama tulimubeba kwa kipoyo, kile kiti cha mabegani, kwenye milima, na sasa ameketi hapa karibu, ananituma nikuambie kwamba magoti ingali yake.

Nyumba tuliikuta bila mabati. Watu wamelala ndani, wamepikia milango. Lakini kuta ziko, na shamba liko, hata kama majani imekuwa marefu kuliko watoto. Shule imefunguliwa chini ya shitingi za plastiki. Niko na wanafunzi sabini na wawili na nusu ya ubao. Antena ya simu iliharibika wakati wa vita, kwa hiyo ninaandika kwa kalamu, na nitamupa Falone muuza chumvi, anayepita kwenu mara moja kwa mwezi.

Ninaandika kwa sababu tuliondoka mbio, asubuhi ile waliposema njia imefunguka, na sikukuaga vile muntu anamuaga muzazi. Miezi saba tulikula kwenu. Miezi saba hakuna aliyetuuliza tutaondoka lini.

Ninakumbuka siku tulipofika. Tulikuwa jamaa zaidi ya arobaini, mvua inatupiga, na Papa Honoré, yule muzee wa kijiji chenu, amesimama kwenye kizuizi na kaye yake ya kuandikia majina. Alitaka kuandika kila muntu na kabila yake, ili sisi tunaosema Kinyarwanda turudishwe kule tulikotoka. Wewe ulikuja kutoka shambani, umelowa kama sisi, ukamwambia: "Honoré, andika vinywa. Kabila haina tumbo." Akakuangalia sana. Kisha akaandika vinywa.

Na sitasahau kikapu cha siku ya ine. Kila juma, siku ya ine jioni, Patient mwenye mutumbwi alikuwa anatufikia na vikapu: muhogo, ndizi, sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine nyama ya kukausha. Nikimuuliza ni ya nani, anasema, "Pori imetoa, Mama Mwalimu." Nilikuwa ninamwambia mama yangu kwamba Mungu aliwapenda hawa watu, aliwapa pori isiyochoka.

Musalimie Patient sana. Nimemuwekea mbegu ya maharagi nyeupe, ile aliyokuwa anaisifu. Na wale wa kwetu waliobaki huko, hasa shangazi yangu Uwamwezi na ile miguu yake, ninawaacha mikononi mwako.

Aksanti, Papa. Ninaandika neno moja, lakini ujue liko na watu watano ndani.

Elisabeth


Kabusenge, 7 julai 2024

Mama Mwalimu,

Barua yako ilifika. Ilikuwa na harufu ya samaki ya Falone, lakini nilisoma yote. Mimi naandikaka polepole, uvumilie.

Usitushukuru mingi hivi. Muntu akikuja na mvua kichwani, utafanya nini? Shangazi yako iko. Miguu inavimba, lakini jana alimufokea muke yangu Adelaïde juu ya chumvi katika sombe, basi tulijua atapona. Jamaa makumi tatu ya kwenu ingali hapa.

Niko na jambo moja nataka kukuuliza.

Wakati ulikuwa unafundisha ndani ya kanisa, mimi nilikuwaka inje kwa ukuta, nafunga matete. Nikwambie ukweli, ile matete ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilikuwa nasikiliza. Siku ya mwisho ulifundisha tena juu ya kale kamuhindi kafupi, jina yake Shastri, mwenye walimufunga juu alitaka inchi yake iwe huru. Ulisema kisha uhuru alikuwa waziri wa treni. Treni ikaanguka, watu wakakufa, naye akaacha kazi. Pale mvua ikaanza kupiga mabati, watoto wakapiga kelele, ukafunga kaye. Kesho yake mukaenda.

Sasa nauliza. Alikuwa ndani ya ile treni? Ao ni yeye aliituma ipite? Kisha kuacha kazi, watu walimwambia nini? Na wale wenye walifiwa, wakikutana naye njiani, walimusalimia?

Nijibu yote, kama unajua.

Huu mwaka muto iko mingi. Mbegu ya maharagi ya Patient, umutumie Naomie, muke yake.

Hilaire Kabunga, kapita


Kashuga, 28 julai 2024

Papa Hilaire,

Nilisoma barua yako mbele ya mama na tukacheka mpaka watoto wakaamuka. Kumbe nilikuwa na mwanafunzi wa inje ambaye sikumuandika kwenye orodha. Ungeingia tu, Papa, ningekupa benchi ya mbele.

Haya, nikujibu. Ile hadithi niliipata kwa baba yangu. Zamani, wanajeshi Wahindi wa ONU, ule Umoja wa Mataifa, walipokuwa na kambi huku kwetu, yeye alikuwa mukalimani wao. Kapiteni mmoja alikuwa anamusimulia jioni, na baba alikuwa anaandika kwenye kaye. Baba alikufa, kaye ilibaki. Waliolala ndani ya nyumba yetu walichoma milango, lakini kaye mama alikuwa ameifunga tumboni siku tulipokimbia.

Shastri alizaliwa mwaka wa 1904. Baba yake alikufa yeye akiwa hajafika hata miaka miwili, na mama yake akamupeleka kulelewa kwa babu. Jina la ukoo, lile ambalo kule kwao linamwambia kila muntu wewe ni wa tabaka gani, alilitupa angali kijana. Lile "Shastri" ni cheo cha shule tu, maana yake muntu aliyesoma. Fikiri, Papa: alifuta yeye mwenyewe kile ambacho Honoré alitaka kuandika.

Sasa treni. Hapana, hakuwa ndani. Hakuituma pia. Alikuwa katika ofisi yake, mbali sana. Mwezi wa tisa wa 1956 ajali moja iliua watu zaidi ya mia. Akaandika kwamba anaacha kazi, na mukubwa wa serikali akamurudishia barua yake. Mwezi wa kumi na moja ikatokea nyingine. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, karibu na daraja, na wakakufa wengi kuliko mara ya kwanza. Akaandika tena. Mara hii ikakubaliwa. Mukubwa wake aliwaambia wabunge kwamba anamuachilia siyo kwa sababu yuko na kosa, ila ili iwe mufano kwa wengine.

Kuna waliosema alifanya upumbafu, kwa sababu waziri hakushika mvua mukononi. Kuna waliomusifu. Juu ya wale waliofiwa, kama walimusalimia njiani, kaye ya baba haisemi. Nimetafuta kurasa zote.

Kwa nini unauliza hivi, Papa? Unataka kuwa waziri wa treni huko Walikale, ambako reli yenyewe haijapita hata kwa ndoto?

Falone anabeba mbegu. Umwambie Patient kwamba ni yake yeye, siyo ya Naomie peke yake. Yeye njo alikuwa anachoka na vikapu. Hukuniambia hata kama yuko muzima.

Elisabeth


Kabusenge, 18 agosti 2024

Mama Mwalimu,

Ni mimi Adelaïde, muke ya Hilaire. Yeye hajui naandika. Falone iko ananingojea kwa mulango, basi sitapamba maneno.

Patient alikufa. Ni tarehe kumi na tatu mwezi wa sita, siku ya ine. Barua yako ya kwanza ilikuwa ingali njiani. Alikufa ndani ya muto pamoja na Habumugisha, yule wa kwenu mwenye alikuwa anashona viatu. Mutumbwi iligeuka na mifuko ya muhogo. Wa tatu alishika muti, akatoka. Patient tulimupata kisha siku mbili. Habumugisha, siku ya tatu.

Ile mbegu Hilaire aliishika mukononi, akasoma pale umesema "ni yake yeye," akatoka inje. Hakukula ile siku.

Sasa nikwambie pia kile hukujua, juu naona katika barua yako unashukuru pori. Mama, pori haikutoa kitu. Pori yenyewe wenye bunduki wamejaa, wawindaji wanaogopa. Ile chakula ilikuwa yetu. Ni wewe, miezi ya kwanza, ulifundisha watoto kwamba kale kamuhindi, wakati njaa iliingia inchi yake, aliomba kila nyumba iache chakula ya jioni moja kwa juma, na kwamba alijaribu kwanza kwa nyumba yake mwenyewe. Hilaire alisikia kwa ukuta. Akarudi akaniambia, "Adelaïde, siku ya ine hatukule." Nikamuuliza kama amekuwa kichaa. Juma mbili tulifanya peke yetu, mimi na yeye na wajukuu, na tuligombana zote mbili. Juma ya tatu akaita watu kwa barza, ule mukutano wa kijiji, akasema, "Mimi nimekwisha kujaribu, mutu hafi." Nyumba nyingi zikakubali. Honoré alikatala. Wengine walikuwa wanaleta kidogo, wengine mingi. Tulikatalia Patient asiwaambie, juu mungeacha kukula.

Ile tarehe kumi na tatu, muhogo ilikuwa ng'ambo na wa kwenu walikuwa hawajakula siku mbili. Muto ilijaa. Patient alikuja hapa asubuhi, nilikuwa kwa jikoni, nilisikia na masikio yangu. Alisema, "Papa, maji haiko muzuri, tungoje kesho." Hilaire akamwambia, "Watoto watangoja na nini? Enda." Akaenda.

Hakuna mwingine mwenye alisikia. Kijiji yote inafikiri Patient alienda kwa kichwa yake. Naomie pia anafikiri hivyo. Na sasa bwana yangu, juu ya ile treni yako, anataka kusimama mbele ya watu aseme yote na aache ukapita.

Mama Mwalimu, akiacha, mwenye atachukua ni Honoré. Unamujua. Shangazi yako iko hapa, hawezi kutembea mbali. Jamaa makumi tatu iko hapa. Hilaire anakusikiliza wewe kuliko mimi. Umuandikie anyamaze. Patient hatarudi, na ukweli haitamupikia Naomie.

Sikukasirikii. Nakuombaka kama dada.

Adelaïde


Kashuga, 1 septemba 2024

Kwenu Papa Hilaire na Mama Adelaïde. Musome pamoja.

Mama Adelaïde, unisamehe. Uliniomba siri na ninaivunja kwenye mustari wa kwanza. Sikupata njia ingine ya kuandika barua hii bila kumudanganya Papa, na muntu niliyekula chakula yake ya jioni miezi saba siwezi kumudanganya.

Papa, nimejua. Ya Patient, ya Habumugisha, ya vikapu, na lile neno ulilosema asubuhi ile.

Nianze na vikapu. Nilisimama mbele ya watoto nikafundisha kwamba watu waliacha chakula yao ili wengine wapate, kisha nikashuka nikala chakula yenyewe bila kuitambua kwenye sahani. Nilisema pori. Nilipomusomea mama barua ya Mama Adelaïde, aliendelea kuchambua maharagi mpaka jioni, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa ninasema ndizi yao iko ngumu." Akalia. Ninawaambia hili ili mujue kwamba sasa tunashukuru watu, kwa majina. Mama anayataja moja moja katika sala, na pale hajui jina anasema "ile nyumba ya mulango wa buluu."

Patient nilimufanyia muzaha akiwa kaburini. Nimeandika mara mbili juu yake, nikakulaumu kwamba hukuniambia kama yuko muzima. Unisamehe.

Sasa lile jambo. Nikuambie ukweli: niliandika kwanza barua ingine. Ilisema, "Nyamaza, Papa." Niliandika kwa ajili ya shangazi Uwamwezi, kwa ajili ya wale wote. Ilikuwa barua nzuri, ilikuwa na sababu. Asubuhi niliipasua, kwa sababu nilijiuliza ningeisoma mbele ya nani. Siwezi kukuambia useme. Siwezi kukuambia unyamaze. Niko na faida yangu ndani, na mwenye faida hapaswi kushauri. Ninaweza tu kukupa kurasa ambazo mvua ilinizuia kusoma.

Wakati wa Waingereza walimufunga Shastri mara nyingi, miaka kama saba ao zaidi ukiijumlisha. Mara moja mutoto wake musichana akagonjwa sana. Wakamutoa gerezani kwa siku kumi na tano tu, aende kumuuguza. Akafika, mutoto akakufa. Akamuzika. Siku zilikuwa zingali zinabaki, hakuna ambaye angemuuliza. Akarudi gerezani mwenyewe, akasema alipewa ruhusa ya kuuguza na kuuguza kumekwisha.

Baba yangu aliandika pembeni ya ukurasa huo: "Hapa kapiteni alivua kofia, na mimi pia."

Baada ya ile treni, mwaka uliofuata, watu walimuchagua tena na akarudi katika serikali. Alifika kuwa waziri wa mambo ya ndani. Mwaka wa 1964 yule mukubwa wake alikufa, na wakamupa yeye kuongoza inchi nzima, yule mufupi. Akakuta njaa na akakuta vita na jirani. Njo wakati ule aliomba ile jioni moja. Vita iliposimama alienda mbali, muji unaitwa Tashkent, akatia sahihi ya amani na yule aliyekuwa adui yake, na usiku ule ule akafa, moyo. Ni mwezi wa kwanza, 1966. Hakufika miaka miwili kwa kiti.

Basi, ni hayo. Uliniuliza kama alikuwa ndani ya treni ao kama aliituma. Sasa ninaelewa swali lako. Wewe uliituma. Kwa hiyo mufano wake haukutoshi, Papa, na mimi sina mwingine wa kukupa.

Utakalofanya, mimi nitabaki mutoto yako.

Elisabeth


Kabusenge, 6 oktoba 2024

Mama Mwalimu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba ya mwezi uliopita. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama mbele ya watu tarehe nane, kwa barza, ibada ilipokwisha. Adelaïde aliposikia mustari wa kwanza alikimbilia jikoni. Nilimwambia arudi akae, tumalize kusoma. Hatukugombana. Yeye alikuwa anaogopa njaa ya watu, hiyo haiko dhambi.

Nikusimulie vile ilienda.

Nilisema maneno machache. Nilisema: "Patient aliniambia maji haiko muzuri. Mimi nikamwambia enda. Habumugisha alimufuata juu mimi nilimutuma Patient. Hawa wawili wako juu yangu. Muntu mwenye hasikii mwenye mutumbwi akisema juu ya maji, hapashwe kuongoza. Naweka ukapita chini." Nikaweka ile kofia ya kazi juu ya meza, nikakaa.

Ndugu ya Habumugisha alikuwa analia. Mwishowe akasimama, akasema kwa Kinyarwanda, na shangazi yako akageuza kwa Kiswahili: kwamba tangu vita ianze amezika watu sita, na hii njo mara ya kwanza muntu anakuja kumwambia, "Ni mimi."

Naomie alichukua mutoto wake mgongoni akatoka. Niliona anaenda na nilijua hapana mwenye atamurudisha.

Wazee wawili walisema nibakie. Mjumbe wa Mwami, chifu wetu mukubwa, akawaambia hapana: muntu ameomba kuweka muzigo chini, tusimubandike tena kwa nguvu. Nilimushukuru na macho. Wakamupa Honoré ukapita.

Najua sasa unashika moyo juu ya shangazi. Ngoja. Mimi pia nililala na hofu. Kesho yake asubuhi Honoré alifika hapa kwangu na ile kaye yake, hakukaa. Aliniuliza, "Zile jamaa za kwenye kanisa, watoto ni wangapi?" Nikamwambia arobaini na sita. Akasema, "Mimi niko na arobaini na nane. Wawili walizaliwa, ulikuwa hujaandika." Kisha akasema, "Mimi sipendi luga yao inapiga kelele karibu na nyumba yangu. Lakini niliwahesabu jana usiku mmoja mmoja, na kisha kuwahesabu nimeshindwa kuwafukuza." Akaenda. Siku ya ine iliyofuata bibi yake alileta kikapu. Ilikuwa ya kwanza kutoka kwa nyumba yao. Adelaïde aliipokea, akaangalia ndani, akasema muhogo iko ndogo. Ni vile anashukuruka.

Mutumbwi mupya tumekata. Tumefunga kamba kubwa toka huku mpaka ng'ambo, mwenye kuvuka anashika kamba. Na Honoré ameweka sheria: mwenye mutumbwi akisema hapana, ni hapana, hata kapita akisema nini. Mimi nasaidiaka kuvuta kamba. Mabega inauma, lakini nalala. Ile miezi karibu tatu nilikuwa silali.

Sasa Naomie.

Siku ine kisha barza alikuja hapa nyumbani. Nilikuwa nimekaa inje. Adelaïde alimupa kiti, akamuwekea chai, akaingia ndani. Naomie hakugusa chai. Kisha akasema, nakuandikia vile alisema:

"Papa Hilaire, miezi karibu tatu nimekuwa namutukana Patient kwa kaburi. Kila asubuhi naenda kungoa majani pale, na namuuliza, maji hukuiona? Watoto wako hukuwaona? Muhogo njo ilikuwa nini? Nilisema nilioleka kwa muntu hana akili. Nilimwambia hivyo akiwa ndani ya udongo. Usiku mwanangu mukubwa aliniuliza kama baba yake alikuwa mujinga, na mimi sikumujibu hapana."

Nilisogea karibu naye.

"Kumbe maji aliiona," akasema. "Kumbe alikatala. Alienda juu muntu mwenye alimuheshimu alimwambia watoto wa wengine wako na njaa. Nimekwisha kumwambia mukubwa. Nimemwambia baba yako aliujua ule muto kuliko wote."

Akafunga kitambaa chake.

"Wewe, Papa, sijui bado. Siwezi kukudanganya. Kuna siku nitakupita njiani na sitakusalimia. Lakini ulinirudishia bwana yangu. Kwa ile, aksanti."

Akasimama akaenda shamba.

Uliniandikia kwamba kaye ya baba yako haisemi kama wale wenye walifiwa walimusalimia yule muhindi. Mimi naweza kukuandikia vile iko hapa: kuna siku Naomie ananisalimia, kuna siku ananipita. Siku zote mbili namuinamishia kichwa. Juzi alipanda zile maharagi zako nyeupe, shamba yote ya upande wa muto, na mukubwa wake njo alikuwa anachimba mashimo.

Umwambie mama yako kwamba ile ndizi ilikuwa ngumu kweli. Sisi pia tulikuwa tunalalamika.

Aksanti juu ulifundisha na sauti kubwa.

Hilaire Kabunga, mulimaji